Mama Pembe na Swali la Sita

Ukiingia asubuhi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ile, wa kwanza kukupokea si mtu, ni joto. Joto zito, lina harufu ya sabuni na chuma, linakukaa kifuani kabla hujasema hodi. Wa pili ni sauti ya mwanamke, haipandi wala haishuki, inasema: "Shika pembe, mwenzangu, tusije tukazeeka hapa."

Sauti hiyo ndiyo iliyompa jina. Jina lake la kwenye kitambulisho walilijua watu wa ofisini tu. Wengine wote, kuanzia wauguzi hadi mlinzi wa geti, walimwita Mama Pembe. Alikuwa amekunja mashuka ya wagonjwa kwa miaka kumi na saba, na vidole gumba vyake vilikuwa bapa kama vijiko. Akiwaza jambo hukunja chochote kilicho karibu: leso, karatasi ya sabuni, hata tiketi. Ukikuta kitu kimekunjwa mara nne kwenye benchi, ujue Mama Pembe amepita hapo akiwa na mawazo.

Pale kwao shuka hukunjwa na watu wawili. Huyu anashika pembe mbili, yule pembe mbili, wanalivuta hadi linalia, wanalikung'uta, kisha wanakutana katikati, mmoja anampa mwenzake pembe zake na kuokota mkunjo ulioning'inia chini. Kwa shuka moja mnakutana mara tatu uso kwa uso. Kwa siku moja kuna mashuka mia mbili na zaidi. Mama Pembe alikuwa na mtindo wake ambao hakuna aliyemfundisha: watu wawili wakinuniana, kesho yake anawapanga shuka moja. Hasemi neno. Anawapanga tu, halafu anakwenda zake kuhesabu foronya.

Yule msimamizi wa zamani alipostaafu, Mama Pembe aliambiwa akaimu kwa wiki chache. Zile wiki chache zikawa miezi kumi na minne. Siku moja tangazo likabandikwa ukutani: nafasi ya msimamizi wa chumba cha kufulia itajazwa kwa usaili, mwenye kutaka aombe.

Mwenye kutaka wa kwanza alikuwa mtu wa stoo. Huyu alikuwa bwana nadhifu, kalamu mbili mfukoni, asemaye kama anasoma taarifa ya habari. Alikuja hadi mlangoni, akasimama nje ya joto ili shati lake lisilowe, akawatazama wanawake wawili wakikunja.

"Kazi ya mtu mmoja mnaifanya wawili," alisema. "Nikija hapa, kila mtu na meza yake, na mashuka yake. Maneno mtaongea nyumbani."

"Karibu ndani, ukae," alisema Bi Pasi, mama mnene aliyesimamia pasi kubwa ya mvuke na aliyekuwa na jibu kwa kila mtu.

"Nina haraka."

"Haraka ya joto hiyo, tunaijua."

Walicheka alipoondoka, lakini kicheko kiliisha upesi. Walikuwa watu saba mle ndani, na wale sita waligeuka kumtazama Mama Pembe kwa wakati mmoja.

"Mnanitazama nini?"

"Tunakutazama wewe," alisema Bi Pasi. "Jaza fomu."

Akajaza. Na kwa kuwa alikuwa hajawahi kufanyiwa usaili maishani mwake, kazini aliingia kwa kuonyeshwa beseni na kuambiwa anza, akaenda kwa mtaalamu. Mtaalamu huyo alilala chumba cha mbele nyumbani kwake: shemeji yake, mdogo wa mumewe. Mume alikuwa dereva wa malori ya mbali, akionekana nyumbani kwa wiki moja kati ya tano, kwa hiyo mambo mengi ya nyumba yalikuwa ni shauri la hao wawili. Shemeji alikuwa amekwisha kusailiwa mara kumi na mbili. Alijua viti vyao, alijua maswali yao, alijua wakati wa kunywa maji na wakati wa kuyaacha.

"Ulipata kazi mara ngapi?" Mama Pembe alimuuliza.

"Moja. Lakini nilikaribia mara nyingi."

Shemeji alichapisha karatasi ya maswali, akaileta mezani baada ya chakula. Yote yalianza namna moja: Tueleze wakati ulipoongoza. Tueleze wakati uliposuluhisha ugomvi. Tueleze wakati ulipofanya kazi na mtu mgumu.

"Hawataki kujua utafanya nini," shemeji alieleza. "Hilo kila mtu anaweza kulitunga. Wanataka kujua ulishafanya nini."

"Basi wasinisumbue. Mimi sijawahi kuongoza mtu. Mimi nafua."

"Na wale sita wanaokusikiliza kila siku ni kuku?"

"Hawanisikilizi mimi. Wanasikiliza kazi."

Shemeji aliandika maneno hayo kando ya karatasi, halafu akayakata, kwa kuwa hayakufanana na majibu aliyoyazoea. Akainua vidole vinne. "Kila jibu lina sehemu nne. Kulikuwa na nini. Wewe ulipaswa kufanya nini. Ulifanya nini kwa mikono yako. Mwisho ikawaje. Ukiacha moja, jibu linaanguka."

Mama Pembe alivitazama vile vidole. "Kama shuka," alisema.

"Kama nini?"

"Pembe nne. Ukiacha moja, upande mmoja unaburura chini."

"Haya, shemeji, kama shuka. Ilimradi uingie nayo."

Tangu hapo mambo yalikwenda. Jioni moja maswali mawili, jioni nyingine moja. Shemeji alimpa maneno ya kiofisi, mazito, naye akayajaribu mdomoni kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake. Walipofika swali la sita akalisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya mstari: Tueleze wakati ulipokosea ukiwa kiongozi, na ulifanya nini baadaye.

"Hilo ni mtego," alisema shemeji. "Unasema kosa lako ni kupenda kazi kupita kiasi."

"Ndivyo ulivyokuwa ukisema wewe?"

"Mara zote kumi na mbili."

"Na ukapata kazi moja."

"Shemeji, tusitoke nje ya mada."

Mama Pembe hakucheka. Alichukua kitambaa cha mezani akakikunja mara mbili, mara tatu, mara nne, akasema amechoka, akaenda kulala saa mbili kasoro.

Kazini, wenzake waliamua kumpima wakati wa chai. Waligeuza matoroli matatu yakawa meza. Bi Pasi alijitwisha foronya kichwani, akasema yeye ndiye mwenyekiti wa jopo na asiyemheshimu atatoka nje. Dada wa kuchambua nguo chafu, kijana wa kike mwembamba mwenye ulimi mkali, akajifanya karani, na jina hilo likamganda. Fundi Mvuke, mwendesha mashine, mtu mrefu asiyependa maneno, alipewa karatasi ya maswali kwa sababu ndiye mwenye miwani.

"Tueleze wakati uliposuluhisha ugomvi," alisoma Fundi.

Mama Pembe alijikohoza. "Niliitisha kikao shirikishi cha pande zote…"

"Uongo," alisema mwenyekiti.

"Bi Pasi, niache nijibu."

"Kikao kipi? Mimi na huyu karani hatukusemeshana wiki tatu kwa ajili ya kigoda. Kigoda, jamani. Ukatupanga shuka moja. Mashuka kumi ya kwanza nilikuwa natazama dari. La kumi na tano akanikanyaga."

"Ulinikanyaga wewe," alisema karani.

"La ishirini tukaanza kutukanana. La arobaini tukawa tunatukana watu wengine. Mchana tukala sahani moja. Hicho ndicho kikao. Kiseme hicho."

"Hiyo si kazi ya kiongozi, ni kupanga watu."

"Hebu andika, karani. Mtu huyu hajijui."

Wakaendelea hivyo, yeye akisema hana, wao wakimletea. Walimkumbusha siku maji yalipokatika na yeye akawapanga mstari wa ndoo kutoka kisimani, mpaka wodi ya wazazi ikapata mashuka. Walimkumbusha alivyomfundisha karani kukagua mifuko ya makoti kwa sindano kabla ya kuingiza mkono, kila asubuhi kwa mwezi mzima, bila kuchoka wala kumfokea. Yeye alikuwa anasikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za jirani.

Kisha Fundi Mvuke akageuza karatasi. "Tueleze wakati ulipokosea ukiwa…" Akavua miwani, akaifuta, akasema kuna maji yanavuja kwenye mashine namba mbili, akaondoka.

Mashine namba mbili ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

Wengine walidhani kachoka na mchezo. Mama Pembe peke yake ndiye aliyejua, na hivi ndivyo ilivyokuwa.

Wiki ya kwanza tu ya kukaimu kwake, chumba cha upasuaji kiliishiwa mashuka. Wakapiga simu mara tatu ndani ya nusu saa. Sasa, nguo yenye damu ina utaratibu wake, na kila dobi anaujua hata usingizini: kwanza maji baridi, mpaka maji yatoke meupe, ndipo yafuate ya moto. Ukianza na ya moto, damu inapikwa ndani ya uzi na haitoki tena. Fundi alisema duru ya baridi inahitaji dakika arobaini. Mama Pembe, simu ya nne ikiwa sikioni, akasema, "Ruka ya baridi. Fungua moto." Fundi akamtazama. Mama Pembe akarudia, "Fungua."

Yakatoka mashuka hamsini na mawili yenye madoa ya kahawia, kama ramani. Hakuna hata moja lililofaa. Mgonjwa aliyekuwa apasuliwe mchana alipasuliwa kesho yake. Alipona, Mungu alisaidia, lakini alikaa na maumivu yake siku nzima zaidi kwa sababu ya bomba la maji ya moto. Matroni, yaani muuguzi mkuu, akashuka mwenyewe na kuuliza ni nani. Kabla Mama Pembe hajafungua kinywa, Fundi akasema, "Ni mimi. Nilisahau." Akapewa barua ya onyo, ikawekwa kwenye faili lake.

Na Mama Pembe akanyamaza. Siku ya kwanza alinyamaza kwa mshtuko. Siku ya pili kwa woga. Baada ya hapo alinyamaza kwa kuwa alikuwa amekwisha kunyamaza.

Lilibaki jambo moja dogo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Fundi si mkunjaji, lakini rundo likizidi alikuwa akija kusaidia. Alikunja na Bi Pasi, alikunja na karani, alikunja na kila mtu. Lakini pamoja na Mama Pembe, tangu siku ile, Fundi hakukunja tena. Si kwa hasira. Salamu alimpa, chai alimletea. Ila shuka huwezi kulikunja na mtu bila kumtazama usoni mara tatu.

Basi Mama Pembe alimfuata Fundi nyuma ya mashine. Alimkuta amekaa juu ya dumu la sabuni.

"Usiseme ile," Fundi alisema kabla hajaulizwa.

"Watauliza."

"Sema unapenda kazi kupita kiasi. Shemeji yako ana akili."

"Fundi, kwa nini uliibeba?"

"Ulikuwa na wiki moja kwenye kiti. Wangekutoa, wangemleta yule wa kalamu mbili." Aliinua mabega. "Mimi barua hainishushi. Nitashushwa niende wapi, chini ya mashine?"

"Uliomba kozi ya ufundi mwaka huu. Wakakunyima."

Fundi alivua miwani, akaifuta tena.

"Walikunyima kwa ile barua."

"Ukisema, hupati kazi. Usipopata kazi, yule bwana anakuja na meza zake saba. Hesabu hiyo ni rahisi, Mama Pembe. Watu saba kwa karatasi moja ya zamani. Niachie nayo."

Mama Pembe alikaa na hesabu hiyo siku nne. Mashuka ya nyumbani kwake yalikunjwa na kukunjuliwa hadi shemeji akauliza kama kuna mgeni anakuja.

Siku ya usaili alivaa gauni la bluu na viatu vya kubana. Korido ya utawala ilikuwa baridi, sakafu inang'aa, na benchi lilikuwa la mbao ngumu. Mtu wa stoo alitoka ndani akitabasamu, akafunga mlango taratibu kama mtu anayeacha mtoto amelala.

"Maswali mepesi," alimwambia. "Yote niliyategemea."

"Hongera, baba."

Ndani walikuwa watatu: Matroni, ofisa utumishi mwenye faili, na bwana mmoja kutoka nje aliyeletwa ili pasiwe na upendeleo. Walimpa maji. Alikumbuka kuwa kuna wakati wa kuyanywa na wakati wa kuyaacha, ila hakukumbuka ni upi, akayaacha.

Swali la kwanza alilijibu kwa maneno ya shemeji. "Nilihamasisha moyo wa ushirikiano shirikishi katika timu."

Matroni aliinua nyusi. "Maana yake?"

Mama Pembe alifikiri. "Kwa kweli sijui, Matroni. Ni ya shemeji yangu."

Bwana wa nje alicheka hadi akakohoa. Hapo shingo ya Mama Pembe ikalegea. Akawaambia habari za ndoo, na za sindano mifukoni. Walipouliza kuhusu ugomvi akawaambia habari za kigoda, akasimama kabisa kuwaonyesha kwa mikono mitupu jinsi shuka linavyowalazimisha watu kukutana, na ofisa utumishi, bila kujijua, akawa ameinua mikono yake kupokea pembe zisizokuwapo.

"Kwa nini usiwaite tu ukawasuluhisha?" aliuliza bwana wa nje.

"Nikiwaita, kila mmoja ataniletea mimi maneno yake. Mimi nitayapeleka wapi? Wenyewe wapo."

Bwana yule akaandika sana. Mama Pembe akaona mkono unavyokwenda, akajua mambo yanakwenda vizuri. Akajua pia kwamba yakiendelea hivi hivi kwa dakika kumi nyingine, kazi ni yake.

Ofisa utumishi akafungua ukurasa. "Swali la sita. Tueleze wakati ulipokosea ukiwa kiongozi, na ulifanya nini baadaye."

Karatasi ya shemeji ilikuwa mapajani mwake. Aliikunja mara moja, mara ya pili. Alipofika mara ya nne ikawa ndogo kama kibiriti, haikunjiki kirahisi tena.

"Nitawapa pembe zote," alisema. "Ya kwanza: thieta iliishiwa mashuka, wiki ya kwanza nikikaimu. Ya pili: nilipaswa kulinda utaratibu, maji baridi kwanza. Ya tatu: nilimwambia Fundi afungue moto. Alinitazama, nikarudia. Mashuka hamsini na mawili yakaharibika, na mgonjwa akalala na maumivu yake hadi kesho yake. Fundi alisema ni yeye. Hakuwa yeye. Alikuwa ananikinga, nami nikakubali kukingwa."

Matroni alivua miwani.

"Barua ile niliiandika mimi," alisema.

"Najua. Ndiyo maana naileta kwako."

"Na pembe ya nne? Ulifanya nini baadaye?"

"Ya nne sina, Matroni. Sikufanya kitu. Imeburura chini miezi kumi na minne."

"Kwa nini unasema leo, siku unayoomba kazi?"

"Kwa sababu leo nimeulizwa. Nilikuwa najidanganya kuwa kutoulizwa ni sawa na kusema. Kozi aliyonyimwa aliistahili. Hilo naomba mliandike hata kama mengine hamtayaandika."

Waliandika. Nani aliandika nini, hakuona. Alikuwa anayanywa yale maji, yote, bila kujali wakati wake.

Jioni shemeji alimsikiliza mwanzo hadi mwisho, akashika kichwa. "Kumi na mbili zangu zote sijawahi kusema ukweli wa namna hiyo."

"Labda ndiyo sababu, shemeji."

Siku tisa zilipita. Mtu wa stoo alikuja mara mbili kupima ukubwa wa chumba kwa hatua za miguu, na Bi Pasi mara zote mbili akamkaribisha ndani, akae. Siku ya kumi tarishi akaleta bahasha tatu. Mbili zilikuwa za Mama Pembe.

Watu wote waliacha kazi. Alifungua ya kwanza akaisoma kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. Ilikuwa barua ya onyo, kwa jina lake lote la kwenye kitambulisho, kuhusu mashuka hamsini na mawili na kuhusu ukimya. Bi Pasi akakaa chini. Mama Pembe akafungua ya pili. Ilisema ameteuliwa kuwa msimamizi wa chumba cha kufulia, kwa miezi sita ya kuangaliwa, na kwamba ukunjaji wa watu wawili uendelee kama ulivyo.

"Sasa," aliuliza Bi Pasi, "tukupongeze au tukupe pole?"

"Anzeni na pole, iishe."

Bahasha ya tatu ilikuwa ya Fundi Mvuke. Aliisoma kimya, kisha akaisoma tena.

"Wanasemaje?" karani aliuliza.

"Barua ya zamani imeondolewa. Kozi niombe tena. Na Matroni anataka kuniona, anikaripie kwa kusema uongo." Aliikunja. "Ile barua nilishaizoea, mjue."

Mashine ya kukaushia ikalia kwamba imemaliza. Karani akavuta toroli lililojaa mashuka ya moto, akaenda kusimama mbele ya Mama Pembe kama kawaida. Fundi akamgusa bega, akamwondoa pale. Akafuta mikono yake kwenye suruali, huku na huku, akainama, akatafuta pembe mbili ndani ya lile rundo. Alipozipata akainua uso na kumtazama Mama Pembe.

"Shika pembe, mwenzangu," alisema, "tusije tukazeeka hapa."

Akashika. Wakalivuta hadi likalia, wakakung'uta, wakaja katikati, wakarudi, wakaja tena, hadi mara ya tatu. Lilipoisha Mama Pembe akalitandaza mkononi, akalitazama kwa jicho la kazi. Lilikuwa limekwenda upande, vidole vinne hivi.

"Limepinda," alisema msimamizi.

"Nimeona."

"Tunarudia."

Wakalikunjua.